Mimba ikichelewa: namna ya kufuatilia homoni na msongo wa mawazo, hatua kwa hatua

Mwanamke akimaliza mwaka ndani ya ndoa bila mimba, majibu mawili humfikia kabla hajamwona daktari. La kwanza hutoka kwa ndugu: acha mawazo, mtoto atakuja. La pili hutoka kwa muuza dawa wa mtandaoni: homoni zako zimevurugika, chukua dozi ya mwezi mmoja. Yote mawili yana ukweli ndani yake, na yote mawili yamewapotezea watu miaka ambayo hairudi.

Ni kweli msongo wa mawazo unaweza kuzuia yai lisipevuke. Ni kweli homoni hupanda au kushuka wakati zisipotakiwa. Lakini kila homoni ina jina lake, kazi yake na siku yake ya kupimwa. Msongo nao una njia kuu unayopitia mwilini, na mtu anaweza kuiona alama yake mwenyewe akiwa na kalamu na daftari. Kabla hujakubali kwamba tatizo ni "mawazo" au "homoni" tu, fuata hatua hizi. Na zifuateni wote wawili, maana kwa takribani nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanamume una tatizo, peke yake au pamoja na la mke.

Hatua ya 1: Hesabu muda vizuri

Wenzi wenye afya, wasiotumia kinga na wanaokutana mara kwa mara, wana uwezekano wa asilimia 20 hadi 25 hivi wa kupata mimba katika mzunguko mmoja. Kwa hiyo miezi minne bila mimba si ugonjwa. Mwaka ukiisha, wenzi 84 au 85 kati ya 100 huwa wameshapata. Ndiyo sababu madaktari huanza kuzungumzia ugumba baada ya miezi 12 ya kujaribu. Ikiwa mwanamke ana miaka 35 au zaidi, msisubiri mwaka. Miezi 6 inatosha.

Wapo ambao hawapaswi kusubiri hata kidogo: ambaye hedhi imekatika miezi mitatu na hana mimba, ambaye mzunguko wake unapita siku 35 mara kwa mara, aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga au kupata mimba nje ya kizazi, na mwanamume aliyewahi kuumia au kupasuliwa korodani, au ambaye korodani yake haikushuka utotoni.

Uzazi wa mpango nao uingie kwenye hesabu. Sindano ya miezi mitatu huchelewa kuisha mwilini. Kwa wastani mimba huja miezi 9 hadi 10 baada ya sindano ya mwisho, na kwa wengine mwaka hupita. Haijaharibu kizazi, ni dawa inayotoka polepole. Baada ya vijiti, kitanzi au vidonge, uwezo wa kushika mimba hurudi mapema zaidi, mara nyingi ndani ya wiki chache.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 ikionyesha kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya sita hukutana na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Ukiwa kwenye harusi yenye wageni mia tatu, jua kwamba wengi humo ukumbini wamepita au wanapita njia unayopita wewe, ila hawasemi.

Hatua ya 2: Jua msongo unaingilia wapi

Homoni za uzazi hazianzii kwenye kizazi. Amri ya kwanza hutoka ubongoni, kwenye sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, inayotoa homoni ya GnRH. Hiyo huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, nayo hutoa FSH na LH zinazosafiri kwa damu hadi kwenye ovari za mwanamke au korodani za mwanamume. Kwa mwanamke, FSH hukuza kifuko chenye yai. Kifuko kinapokua hutoa estrojeni. Estrojeni ikifika juu ya kutosha huifanya pituitari itoe LH nyingi kwa mkupuo mmoja, na saa 24 hadi 36 baadaye yai hutoka. Kifuko kilichobaki huanza kutoa projesteroni, inayoandaa ukuta wa mji wa mimba. Kwa mwanamume, LH huamuru testosteroni itengenezwe, na FSH husaidia utengenezaji wa mbegu.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba GnRH haimiminiki mfululizo. Hutoka kwa mapigo, takribani kila dakika 60 hadi 90 katika nusu ya kwanza ya mzunguko. Andrew Schally na Roger Guillemin walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977 kwa kazi ya kuzitambua homoni hizi za ubongo, na katika miaka hiyo hiyo Ernst Knobil na wenzake walionyesha, kwa nyani wa aina ya rhesus, kwamba mapigo ndiyo yenye maana. Homoni ilipotolewa kila baada ya saa moja, LH na FSH zilipanda. Homoni ile ile ilipomiminwa bila kupumzika, zilishuka.

Msongo huingilia hapo hapo juu. Mwili ukiona hatari, haipothalamasi hutoa homoni nyingine, CRH, ambayo mwisho wake ni kuzifanya tezi zilizo juu ya figo zitoe kortisoli. Hali hiyo ikidumu wiki baada ya wiki, mapigo ya GnRH hupungua. Mapigo yakipungua, LH haifikii mkupuo wake, na yai huchelewa kutoka au halitoki kabisa. Njaa hufanya vivyo hivyo, na pia mazoezi makali yasiyolingana na chakula. Wakati wa njaa kubwa ya Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, wanawake wengi walikatika hedhi na idadi ya watoto waliozaliwa ikaporomoka miezi tisa baadaye. Chakula kiliporudi, uzazi ulirudi.

Sasa angalia yale ambayo msongo hauyafanyi. Hauzibi mirija. Hauoteshi uvimbe kwenye kizazi. Haumalizi mbegu zote za mwanamume. Kama hedhi yako huja kila baada ya siku 26 hadi 32, mwezi baada ya mwezi, basi kwa uwezekano mkubwa yai linatoka, na anayekwambia hushiki mimba kwa sababu ya mawazo anakuchelewesha. Katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, mirija iliyoharibiwa na maambukizi ni miongoni mwa sababu kubwa za ugumba wa wanawake: klamidia, kisonono, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutolewa mahali pasipo salama, hata kifua kikuu kinachoingia kwenye via vya uzazi. Mwanamke mwenye mirija iliyoziba anaweza kuwa na homoni safi kabisa na moyo mtulivu.

Hatua ya 3: Weka daftari kwa mizunguko mitatu

Chukua daftari la kawaida. Siku damu inapoanza kutoka vizuri, si matone, iandike kuwa siku ya 1. Kila siku andika mambo manne: ute ulivyo, kama mmekutana, umelala kwa jumla ya saa ngapi, na jambo lolote zito lililotokea, kama msiba, safari ndefu, ugomvi, homa, mitihani, zamu za usiku au kudaiwa kodi ya nyumba.

Ute ndio kipimo cha bure. Estrojeni inapopanda, ute huwa mwingi, mwepesi, unavutika kama ute wa yai bichi. Yai likishatoka, projesteroni huukausha au kuufanya mzito. Siku za rutuba ni sita: tano kabla ya yai kutoka na siku yenyewe linapotoka. Sababu ni kwamba mbegu huweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku tano, ilhali yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Anayesubiri "siku yenyewe" mara nyingi anakuwa ameshachelewa.

Ukipenda, pima pia joto la mwili asubuhi kabla hujainuka kitandani. Baada ya yai kutoka hupanda kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5 na kubaki juu hadi hedhi. Halikuambii yai litatoka lini, ila linathibitisha kwamba limetoka. Vijiti vya kupima LH kwenye mkojo vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa vinasaidia, isipokuwa kwa wenye PCOS, hitilafu ya homoni inayozuia mayai kupevuka ipasavyo (dalili zake ziko hatua ya 4), ambao LH yao huweza kuwa juu muda wote na kijiti kikaonyesha "ndiyo" kila siku. Hao wasivitegemee.

Baada ya mizunguko mitatu, soma ulichoandika. Hapa ndipo msongo unapoonekana, na nawaomba mpasome taratibu. Mzunguko una nusu mbili. Nusu ya pili, kuanzia yai kutoka hadi hedhi, haibadiliki sana, kwa wengi ni siku 12 hadi 14. Inayovutika na kurefuka ni nusu ya kwanza. Kwa hiyo mwanamke wa siku 28 akipata msiba siku ya 8, yai lake linaweza kuchelewa hadi siku ya 21, na hedhi ikaja siku ya 35. Akipata msiba ule ule siku ya 20, yai limeshatoka, na kwa kawaida hedhi huja kwa tarehe yake. Daftari likionyesha mara kwa mara kwamba misukosuko ya mwanzo wa mzunguko inafuatwa na mizunguko mirefu, basi msongo unaugusa mwili wako kweli, na hatua ya 7 ni yako. Likionyesha mizunguko inayofanana licha ya misukosuko yote, tafuta sababu kwingine.

Ndiyo maana pia hesabu ya "siku ya 14" huwadanganya wengi. Ni kweli kwa mzunguko wa siku 28 usiotikisika. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku ya 21, na wiki nzima ya kujaribu kuzunguka siku ya 14 inakuwa bure.

Hedhi ikichelewa, pima mimba kwanza kabla ya kusema ni mawazo. Ikichelewa pamoja na maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kutokwa damu kidogo kidogo, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimba nje ya kizazi huua.

Hatua ya 4: Soma dalili, kila homoni ina alama zake

Hedhi za mbali mbali, chunusi zisizoisha ukubwani, ndevu au nywele za kifua, uzito unaokaa tumboni: fikiria PCOS. Ndiyo hitilafu ya homoni inayokutwa zaidi kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wengi wanayo bila kujua. Si msongo ulioileta. Lakini inatibika vizuri kuliko watu wanavyodhani: kwa mwenye uzito mkubwa, kupungua kilo hata kwa asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kunaweza kurudisha upevukaji wa mayai, na letrozoli, dawa ya vidonge, ndiyo huchaguliwa kwanza siku hizi kupevusha mayai ya wenye PCOS.

Maziwa kutoka kwenye matiti wakati hunyonyeshi, hedhi ikikatika: hiyo ni prolaktini. Homoni hii ndiyo inayomkinga mama anayenyonyesha asishike mimba haraka, na ikipanda bila sababu huzuia GnRH. Huweza kupandishwa na dawa, kwa mfano metoklopramidi ya kuzuia kutapika, au haloperidoli na risperidoni za magonjwa ya akili. Au na tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa. Au uvimbe mdogo kwenye pituitari. Maziwa hayo yakija pamoja na maumivu ya kichwa na kuona vibaya pembeni, usikae nyumbani. Dawa ya akili usiiache mwenyewe. Mwambie daktari aliyekuandikia atafute nyingine.

Kuchoka, baridi isiyoeleweka, choo kigumu, uzito kuongezeka, au kinyume chake, mapigo ya moyo ya kasi na kukonda: pimwa tezi ya shingo.

Umekonda, unafanya mazoezi kupita kiasi au unalala kwa saa nne tu, na hedhi imekatika: hapa ndipo msongo na njaa huwa watuhumiwa wa kwanza.

Alama mbili nyingine nazitaja kwa sababu katika mazingira yetu hupitwa mno. Mwanamke aliyetoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa yasije na hedhi isirudi, pituitari yake huenda iliumia kwa kukosa damu. Na mwanamke ambaye hedhi ilikuwa ya kawaida, akasafishwa baada ya mimba kuharibika, tangu hapo ikawa matone tu au ikakatika, anaweza kuwa na makovu ndani ya mji wa mimba huku homoni zake ziko sawa. Wote wawili huambiwa wana mawazo. Hawana mawazo, wana historia ambayo hakuna aliyewauliza.

Hatua ya 5: Pima homoni kwa siku yake

Kifurushi cha "homoni zote" kilichochukuliwa siku yoyote ile ni fedha iliyopotea nusu. FSH, LH na estrojeni hupimwa siku ya 2 hadi ya 5 ya hedhi. Projesteroni, inayothibitisha kwamba yai limetoka, hupimwa siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mzunguko wa siku 28 hiyo ni siku ya 21. Kwa mzunguko wa siku 35 ni siku ya 28. Nani ajuaye ni wanawake wangapi wa siku 35 waliopimwa siku ya 21, wakaambiwa hawapevushi mayai na kuanzishiwa dawa! Daftari lako ndilo litakalokuokoa hapo. Jibu la projesteroni linalozidi 3 ng/ml linaonyesha yai lilitoka. Maabara nyingine huandika kwa nmol/l, ambapo kiwango hicho ni karibu 10, kwa hiyo soma kizio kabla ya kusoma namba.

Prolaktini ipimwe asubuhi ukiwa umetulia. Hofu ya sindano, mazoezi na kukimbizana na daladala huipandisha. Ikiwa juu kidogo, rudia siku nyingine kabla ya kumeza dawa. TSH ya tezi ya shingo na AMH hupimwa siku yoyote. AMH hukadiria akiba ya mayai iliyobaki, haisemi kama mayai ni mazuri wala kama utashika mimba kwa njia ya kawaida. Ikiwa ndogo, usilie kana kwamba umefungiwa mlango, ila usipoteze muda.

Kortisoli je? Usiilipie ili kujua kama una msongo. Huwa juu asubuhi na chini usiku wa manane kwa kila mtu, na kipimo kimoja hakipimi maisha yako. Madaktari huitumia kutafuta magonjwa mahususi ya tezi za juu ya figo.

Na kabla hujatumia fedha nyingi kwenye homoni, uliza kuhusu picha ya mirija, ile ya kupitisha dawa na kupiga eksirei, ambayo hufanywa damu ikishakatika na kabla yai halijatoka.

Hatua ya 6: Mwanamume apimwe mwezi huo huo

Asipimwe baada ya mke kumaliza vipimo vyote. Kipimo cha shahawa ni rahisi na hakina maumivu, na kikiwa na kasoro kubwa hubadilisha mpango wote. Akae bila kutoa mbegu siku 2 hadi 7, atoe kwenye kikopo safi alichopewa na maabara, asitumie mate wala mafuta, na kama anatokea nyumbani akifikishe ndani ya saa moja kikiwa karibu na mwili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mipaka ya chini hivi: ujazo ml 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila ml, zinazotembea asilimia 42, zenye umbo zuri asilimia 4. Ndiyo, nne. Wanaume wengi wameona "asilimia 5" kwenye karatasi wakadhani wamekwisha, kumbe wako ndani ya mipaka. Jibu likiwa chini, pima tena kabla ya kutoa hukumu.

Mbegu moja huchukua miezi miwili na nusu hivi kutengenezwa, na siku kadhaa zaidi kukomaa. Kwa hiyo kipimo cha leo kinasimulia maisha ya miezi mitatu iliyopita: ile malaria yenye homa kali, ile kazi ya kulala kwa saa tatu tu, zile sigara na bia. Msongo wa muda mrefu hushusha testosteroni na hamu ya tendo, na huweza kupunguza ubora wa mbegu. Ukirekebisha leo, usitafute mabadiliko wiki ijayo.

Vijana wa jimu wasikie hili kwa makini. Sindano za testosteroni za kujenga misuli huifanya pituitari iamini kwamba homoni ipo tele, ikaacha kutoa LH na FSH, na korodani zikasimamisha mbegu. Mtu anaonekana dume kuliko wote mtaani huku kikopo chake hakina mbegu hata moja. Kwa wengi hurudi baada ya kuacha, lakini kwa miezi mingi. Vilevile, dawa na unga wa kuongeza nguvu, ukiwemo ule uitwao vumbi la Kongo, hauongezi mbegu. Nguvu za tendo na wingi wa mbegu ni mambo mawili tofauti.

Hatua ya 7: Shughulikia msongo mahali unapogusa mwili

Ushahidi una pande mbili, na ni vizuri kuzijua zote. Katika utafiti uliofanyika Texas na Michigan na kuchapishwa mwaka 2014, wanawake waliokuwa na kiwango cha juu cha kimeng'enya cha mate kinachoashiria msongo, alfa-amilesi, walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 29 wa kushika mimba kila mwezi kuliko wenye kiwango cha chini. Upande wa pili, uchambuzi wa tafiti 14 zenye wanawake 3,583 wanaopandikizwa mimba, uliochapishwa kwenye jarida la BMJ mwaka 2011, ulikuta kwamba huzuni na hofu kabla ya matibabu havikupunguza nafasi ya kupata mimba. Mimi naupenda uchambuzi huo kwa sababu unawaondolea wanawake mzigo mmoja: machozi yako usiku wa kuamkia matibabu hayataiharibu mimba.

Msongo hutibika hasa pale ulipokatiza upevukaji. Sarah Berga na wenzake waliwachukua wanawake 16 ambao hedhi ilikatika kwa msongo na ulaji. Wanane walipewa tiba ya mazungumzo kwa wiki 20, wanane walifuatiliwa tu. Kwa waliopata mazungumzo, saba ovari zao zilianza tena kufanya kazi. Kwa wengine, wawili. Ni kundi dogo, lakini hakuna aliyepewa homoni hata tone. Kama hali yako ni hiyo, kula zaidi, punguza mazoezi, ongeza kilo kama uzito wako uko chini ya kipimo, na tafuta mtu mwenye taaluma ya nasaha wa kuzungumza naye kila wiki.

Usingizi uje kabla ya chai yoyote ya mitishamba. Anayefanya zamu za usiku aombe zikae pamoja, si usiku mmoja mmoja unaorukaruka.

Kitandani, acheni ratiba ya kijeshi. Mkikutana kila baada ya siku moja au mbili tangu hedhi inapoisha, mtakuwa mmezifikia siku za rutuba bila kumtumia mume ujumbe saa sita mchana kwamba leo ndiyo leo. Wanaume wengi hushindwa siku hiyo hiyo waliyoamriwa, kisha aibu yake ikakaa mwezi mzima.

Halafu kuna ukoo, na kwa wengi hapa ndipo msongo unapotoka hasa. Mama mkwe anauliza, mawifi wanauliza, shangazi anauliza mbele ya watu. Anayepaswa kujibu ni mwenye ndugu hao. Mume amwambie mama yake, kwa adabu na mara moja: "Mama, tuko hospitali wote wawili. Kukiwa na habari utaisikia kwangu kwanza. Naomba mke wangu asiulizwe." Mke naye afanye hivyo kwao. Mume anayekaa kimya wakati mkewe anaitwa tasa anaongeza ugonjwa ndani ya nyumba yake.

Ikipita wiki mbili huna raha na chochote, hulali au unalala mchana kutwa, unajiona huna thamani au unawaza kujidhuru, hiyo si "mawazo ya mtoto" tena. Ni sonona, inatibiwa, na itibiwe sasa, mimba iwepo isiwepo.

Hatua ya 8: Jua cha kununua na cha kuacha

Cha kununua ni foliki asidi, miligramu 0.4 kwa siku, kuanzia sasa, kwa ajili ya uti wa mgongo wa mtoto atakayekuja.

Cha kuacha ni chochote kinachoahidi kusafisha kizazi, kuzibua mirija au kusawazisha homoni zote kwa chupa moja. Mirija iliyozibwa na kovu haizibuliki kwa dawa ya kunywa. Dawa za kuweka ukeni, ziwe za majani au vidonge vya kunukia, huvuruga ulinzi wa asili wa uke na huweza kukuletea maambukizi yale yale yanayoharibu mirija. Muuzaji anayezungumzia "mvurugiko wa homoni" muulize: homoni ipi, imepimwa siku gani, ilikuwa ngapi? Asipojibu, funga mkoba.

Na Clomid, vidonge vya kupevusha mayai, usijinunulie dukani kwa ushauri wa rafiki. Ni dawa nzuri mahali pake, lakini haina kazi kama mirija imeziba au mume hana mbegu, na huweza kukuza mayai kadhaa kwa pamoja hadi mimba ya mapacha au zaidi. Inataka mtu wa kukufuatilia kwa picha ya mionzi ya sauti.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza kliniki

Nendeni wawili. Bebeni daftari, majibu yote ya zamani hata yaliyokunjamana, majina ya dawa mnazotumia zikiwemo za kienyeji na za jimu, na orodha ya mimba zilizopita pamoja na zilizoharibika. Kama kuna jambo mwenzako halijui, mimba ya ujanani au ugonjwa wa zinaa uliotibiwa, omba dakika tano peke yako na daktari. Ni haki yako, na jibu la kila kitu linaweza kuwa hapo. Kisha ulizeni maswali matatu: yai linatoka, mirija iko wazi, mbegu zinatosha? Msiondoke bila kujua lipi limeshajibiwa, lipi bado, na tarehe ya kulijibu.